Saa za Bure za Mwalimu Theopista

Kasmir alizikwa Jumatatu, na kabla wiki haijaisha mwenye nyumba akaja kuuliza chumba kitaachwa lini. Hakuuliza kwa ubaya. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akampa mjane pole, akamwombea marehemu, kisha akasema kuna mpangaji anasubiri.

Theopista akamjibu kwamba atahama mwisho wa mwezi. Atahamia wapi, hakujua. Yeye na mumewe walikuwa wametoka Buganda, wakavuka ziwa kwa meli kutoka Bukakata hadi Mwanza, wakapanda gari moshi hadi Dar es Salaam, kwa sababu Kasmir alipata ukarani wa simu katika reli. Mtoto wao Agnesi alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Walimwacha Masaka kwa mama yake Theopista, wakasema watamfuata wakishatulia. Hawakutulia. Biashara za dunia zilianguka, mkonge ukakosa bei, makarani wakaanza kupunguzwa kazini, na Kasmir akawa mmoja wao. Miezi michache baadaye akashikwa na homa ya mkojo mweusi, na kwa kuwa hakuwa tena mtu wa reli, hapakuwa na tikiti ya kumrudisha mjane wake kwao.

Alichobaki nacho Theopista ni cherehani ya mkono na Kiingereza. Cherehani alinunuliwa na mumewe siku za neema. Kiingereza alikipata mwenyewe kwa masista, tangu akiwa msichana mdogo, akakipenda kuliko somo jingine lolote, hata akabaki pale shuleni kuwafundisha wenzake mpaka alipoolewa. Kariakoo ya miaka ile wanaume waliojua Kiingereza walikuwa wa kuhesabika, na mwanamke Mwafrika mwenye lugha hiyo alikuwa kioja. Pale bombani watu walionyeshana kwa macho: yule Mganda, ukimsikia bila kumwona utadhani memsahibu wa Kizungu.

Maneno hayo yalitembea mpaka yakamfikia Bwana Humoud bin Sheikhan.

Bwana Humoud alikuwa na duka Mtaa wa Kongo. Aliuza mchele, samli, tende, kanga na misumari. Babu yake alitoka Omani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona, na alipoota ndoto aliota kwa Kiswahili. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mkono wazi, asiyemwacha maskini apite barazani kwake bila kahawa. Lakini lilikuwepo jambo moja lililomnyima raha. Karatasi zote za forodhani na za benki zilikuja kwa Kiingereza, na kila alipotaka kujua zimesema nini, ilibidi ampe mtu chochote ili amsomee, bila kujua kama kasoma yote au kamficha nusu. Aliapa kwamba watoto wake hawatapata tabu ile. Alimtuma mtu amwite Mganda.

"Masalkheri, binti yangu," alimwambia. "Pole kwa msiba. Nasikia mumeo alikuwa mtu wa watu."

"Ahsante, Bwana."

"Sikiliza. Nina mabinti wawili ndani, Mauza na Saadiya. Nataka wajue Kiingereza. Mwalimu mwanamume siwezi kumwingiza huko. Wewe unaweza."

Theopista akauliza saa za kazi. Masista walimzoesha hivyo.

"Baada ya adhuhuri mpaka alasiri," alisema Bwana Humoud. "Ijumaa hapana. Jumapili uende kanisani kwako. Utapata mshahara, chumba huko uani, na chakula tunachokula sisi."

"Na saa zinazobaki?"

"Zako! Mimi nizifanyie nini?" Akacheka mpaka tumbo likatikisika, na Theopista naye akacheka, mara ya kwanza tangu maziko.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mshahara ungemtosha kwa mahitaji yake na kitu kidogo cha kumpelekea mama yake Masaka. Nauli ya kurudi ingetoka kwenye cherehani. Asubuhi na jioni angeshona magauni ya wake za makarani, na kabla mwaka haujazunguka angekuwa ndani ya gari moshi.

Mwanzo kazi ilikuwa tamu. Alikaa na wasichana mkekani katika chumba cha ndani, vibao magotini, dirisha likiwa limefungwa nusu ili jua la mchana lisiwachome. Saadiya alikuwa bado mtoto, akitafuna pindo la kanga na kusinzia. Mauza alikuwa amekaribia kuvunja ungo, na alikuwa na kichwa chepesi kama moto wa makuti. Siku moja aliuliza kwa hasira:

"Mwalimu, hawa Waingereza wana akili kweli? Kondoo mmoja na kondoo mia wanawaita jina lile lile!"

"Na wewe kwa Kiswahili huwaitaje?"

Mauza akafungua kinywa, akakifunga, kisha akaanguka kwa kicheko mpaka mama yake, Bi Mwanamize, akaja kuchungulia. Theopista alitoka chumbani siku hiyo akijiona mtu tena.

Kisha akaitwa jioni.

"Mwalimu, nusu saa tu," alisema Bwana Humoud baada ya sala ya magharibi. "Huyu Abdulla kaenda bandarini leo, kaulizwa swali na karani, kasimama kama gogo. Mfundishe walau salamu."

Abdulla alikuwa mwanawe wa kwanza, kijana aliyeanza kuota ndevu, mwenye haya na adabu. Theopista alikuwa na gauni mashineni, limefika shingoni. Alilifunika kitambaa, akaenda barazani. Nusu saa gani? Walimaliza wakati mwadhini anaita isha. Kesho yake Abdulla alikuwa amekaa pale pale, kandili limewashwa, kibao mkononi, akimsubiri. Hakuna aliyemwita Theopista safari hii. Kandili lilitosha.

Ndivyo ilivyoanza, na ilivyoendelea hakuna siku moja ambayo angeweza kuionyesha akasema hapa ndipo nilipoibiwa. Vijana wa dukani waliomba wakae nyuma ya Abdulla wasikilize. Basi nao wakawa wanafunzi. Majirani walisikia mabinti wa Humoud wanasema Kiingereza, wakaleta wa kwao mchana, na chumba kikajaa. Theopista baadaye alitambua kwamba kila jirani aliyeleta mtoto alimfanyia Bwana Humoud wepesi fulani katika biashara, lakini wakati ule aliona watoto tu, macho yamewatoka. Vitabu havikuwepo, kwa hiyo masomo aliyaandika kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, moja kwa kila mtoto. Asubuhi, saa aliyokuwa akiiwekea cherehani, ikawa saa ya kuandika. Na asubuhi nyingine Bwana Humoud alimwomba wafuatane bandarini, maana mzigo wake wa tende umezuiwa. Walisimama mlangoni mwa ghala, jua likiwapanda, huku makarani ndani wakinywa chai. Walipoitwa, Theopista alisoma karatasi, akaeleza, akajibu, na mzigo ukatoka. Bwana Humoud alimshika mkono kwa furaha mbele za watu.

"Mungu kanipa binti wa tatu!" alisema.

Usiseme hakufurahi. Alifurahi. Mtu aliyefiwa na mume ugenini, akiambiwa ni binti, atafanyaje? Alirudi nyumbani akitembea kwa maringo kidogo. Ni mpaka alipofungua chumba chake, akaiona cherehani na vumbi juu ya kitambaa, ndipo maringo yakamwishia.

Mteja wake mkubwa alikuwa Blandina, mke wa karani mmoja kutoka Kilimanjaro, aliyekuwa akikaa naye benchi moja kanisani. Blandina alimletea kitambaa cheupe cha gauni la bintiye Candida, la komunyo ya kwanza. Alikileta mapema. Alikuja kuuliza, akaambiwa wiki ijayo. Akaja tena, akamkuta Theopista sakafuni kati ya karatasi za wanafunzi, na kile kitambaa kimekunjwa vile vile alivyokileta.

"Mama Agnesi," alisema Blandina, "komunyo ni Jumapili."

"Nipe mpaka Jumamosi. Leo nikitoka barazani nitakata."

"Jana ulisema hivyo hivyo. Barazani kuna nini? Wanakulipa?"

Theopista akainama kukusanya karatasi.

"Basi bora ungekuwa unalipwa, ningejua nimeshindwa na pesa," alisema Blandina, akachukua kitambaa chake. Alikipeleka kwa fundi Mhindi. Jumapili Candida alipita katikati ya kanisa, mdogo, ameng'aa, na gauni lilikuwa pana mabegani. Theopista aliliona kosa la kipimo tangu mlangoni. Alimwona Candida, akamfikiria Agnesi wake, ambaye sasa lazima alikuwa anakimbia na kuuliza maswali, ambaye sauti yake hakuijua. Baada ya Blandina wateja wengine nao wakaacha kuja, mmoja mmoja, bila ugomvi.

Habari za kwao alizipata kwa Onesphory, Mhaya aliyefanya kazi kwenye gari moshi la Mwanza. Mabaharia wa meli za ziwa walimpa maneno ya watu, naye akayafikisha Dar es Salaam. Kila alipokuja alikuwa na kitu: Agnesi kang'oka meno ya mbele, Agnesi anauliza mama yake anafananaje, bibi yake kifua kinambana, lakini anasema usihofu. Theopista alimtuma yale yale kila safari: mwambie mama nakuja. Safari moja Onesphory alisita kidogo, akasema, "Dada, neno hili nimelipeleka mpaka naona aibu."

Siku hiyo Theopista alikata shauri kusema. Alimkuta Bwana Humoud barazani peke yake, ana kikombe cha kahawa na tasbihi.

"Bwana, nina neno."

"Sema, binti yangu."

"Tulipatana niwafundishe Mauza na Saadiya, adhuhuri mpaka alasiri. Sasa nafundisha mchana, nafundisha jioni, asubuhi naandika au niko bandarini. Nashindwa kushona. Nisiposhona siwezi kwenda kwetu. Naomba ama nirudishiwe saa zangu, ama nilipwe."

Bwana Humoud aliweka kikombe chini. Theopista alikuwa amejiandaa kwa hasira. Haikuja. Uso wa yule mzee uliingia majonzi, kama mtu aliyepigwa na mwanawe.

"Lini tumekupimia kitu humu ndani?" aliuliza polepole. "Idi ulipata kanga kama aliyopata Mwanamize. Homa ilipokulaza, nani alikukanda maji? Si mke wangu? Alilala mlangoni kwako. Nani alimhesabia saa zake?"

Na yote yalikuwa kweli. Bi Mwanamize alimwuguza kama mtoto wake wa kumzaa, akamlisha uji kwa kijiko. Alisimama pale, maneno yake yote ya haki yakiwa yamegeuka utovu wa fadhila.

"Sikatai wema wenu," alisema mwisho. "Lakini nina mtoto."

"Abdulla atapumzika wiki hii," alisema Bwana Humoud. "Shona."

Abdulla alipumzika wiki. Wiki iliyofuata alirudi, na marafiki zake wawili. Kilichobadilika ni Bi Mwanamize. Alikuwa akimwita Theopista jikoni wakae wapige soga huku wakichambua mchele. Sasa chakula kilipelekwa uani kimefunikwa, bila neno. Siku moja walikutana kisimani, na Bi Mwanamize akasema bila kumtazama, "Umetuhesabia, Mwalimu. Sisi hatukukuhesabia." Maneno hayo yalimuuma Theopista kuliko tusi, na kwa muda mrefu baadaye, aibu iwe kwa nani sijui, alifundisha kwa bidii zaidi ili asamehewe.

Mvua za vuli zilikuja, zikapita. Jumapili moja alipotoka misani alimwona Onesphory amesimama nje ya kanisa. Onesphory hakuwa na kawaida ya kuja kanisani, walikuwa wakikutana stesheni.

"Dada, tukae," alisema.

Mama yake Theopista alikuwa amekwisha kufa. Si juzi. Baharia aliyepewa habari alihamishwa meli nyingine, neno likakaa Mwanza bila mwenyewe mpaka lilipomwangukia Onesphory kwa bahati. Mama alilala muda mrefu kabla ya kufa, akiuliza kila asubuhi kama meli imeingia. Agnesi amechukuliwa na kaka mkubwa wa Kasmir, upande wa Mubende, kwa kuwa kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa baba.

Theopista alirudisha fikra nyuma kutafuta zile siku zilikuwa siku gani. Akazipata. Mama yake alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa barazani anamfundisha Abdulla namna Waingereza wanavyosema jambo ambalo lingekuwa, lakini halikuwa. Abdulla lilimpa shida somo lile. Walilirudia jioni nyingi.

Hakulia mbele ya Onesphory. Alikwenda moja kwa moja Mtaa wa Kongo, akamkuta Bwana Humoud, akamwambia mama yake amekufa na kwamba anataka kulipwa saa zake zote. Bwana Humoud alisimama, akasema innalillahi, akaita watu, akaagiza mchele upikwe wa msiba. La malipo hakulisikia, au alilisikia akalihesabu ni wazimu wa uchungu. "Pumzika kwanza," alisema. "Msiba unamchanganya mtu."

Kesho yake Theopista alivaa gomesi yake nzuri, lile gauni refu la Kiganda, akaenda Boma, kwenye ofisi ya serikali.

Bwana Shauri, aliyesikiliza mashauri ya watu siku hizo, alikuwa Mwingereza kijana, shingo nyekundu kwa jua, mpole wa sauti. Theopista alipofungua kinywa na kumweleza shauri lake kwa Kiingereza, kijana yule aliiweka kalamu chini. Akamwuliza kasoma wapi. Akamwambia akae kwenye kiti. Theopista alitoka pale na matumaini, maana aliona kwamba mwishowe lugha ile imemfanyia yeye kazi, baada ya kuwafanyia wengine.

Siku ya shauri Bwana Humoud alikuja na Abdulla. Abdulla alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. Hakumtazama Theopista.

"Mshahara mliopatana, ulilipwa?" Bwana Shauri alimwuliza Theopista.

"Ulilipwa."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na chumba, na chakula?"

"Nilipata."

"Huyu bwana alikulazimisha kufundisha saa nyingine? Alikutishia?"

"Hapana. Aliomba."

"Nawe ukakubali."

"Nilikubali mara ya kwanza," alisema Theopista. "Zile nyingine hakuna aliyeniuliza."

Bwana Shauri aliandika kitu, akamgeukia Bwana Humoud. Ndipo Abdulla aliposimama kuomba ruhusa amsemee baba yake, na akaanza.

Alisema vizuri. Ee, alisema vizuri! Theopista alimsikiliza akasahau kwa kitambo kwamba anasemwa yeye. Kila sauti ilikuwa mahali pake. Kabla ya kutoa sababu kijana alinyamaza kidogo, kama alivyofundishwa, ili msikilizaji atege sikio. Alisema kwamba mama huyu aliingia nyumbani kwao akiwa na huzuni, wakampokea. Alisema walimpa heshima ya ndugu, naye akawapa elimu kama ndugu, na kwamba katika nyumba yao haikuwahi kuwazwa kwamba mambo kama hayo yana bei. Alisema familia yake inasikitika sana kwa kifo cha mama yake.

"Kiingereza chako ni kizuri mno," alisema Bwana Shauri. "Ulisoma shule gani?"

Abdulla akanyamaza, na kunyamaza huku hakukuwa kwa kufundishwa. Akatazama sakafu.

"Kwake," alisema. "Barazani kwetu. Jioni."

Bwana Shauri aliegemea kiti chake, akamtazama Theopista kwa tabasamu la kweli, tabasamu la mtu anayetoa zawadi.

"Basi, bibi, hapo pana jibu. Hakuna mwalimu anayefundisha vizuri hivi kwa kulazimishwa. Ni wazi ulifanya kwa mapenzi. Nakupongeza."

Akafunga jalada. Shauri likawa limekwisha.

Theopista alishuka ngazi za Boma. Kama angefundisha vibaya, kama angesinzia, kama angemfundisha Abdulla nusu nusu, labda pale ndani angeonekana mtu aliyedhulumiwa. Wema wa kazi yake ndio uliotolewa ushahidi dhidi yake. Nyuma yake alisikia viatu vinakimbia.

"Mwalimu! Mwalimu, niwie radhi. Baba alisema niseme, ningekataaje?"

"Ulisema vizuri."

Abdulla alisimama, anahema, anapangusa jasho. Kisha, kwa mazoea tu, bila ubaya wowote moyoni, akauliza, "Kuna mahali nilikosea?"

Palikuwepo. Kosa moja dogo, katika sentensi ya mwisho ile ya kusikitika. Theopista alikwisha kufungua kinywa. Jibu lilikuwa limefika ulimini, na mfano wake, na namna ya kulikumbuka. Akamtazama yule kijana aliyekuwa anamsubiri, kichwa kimeinama upande, kama jioni zote zile. Akafunga kinywa, akaenda zake.

Alihama siku ile ile. Hamali alipakia cherehani na sanduku mkokotenini. Bi Mwanamize alilia, akamfungia mikate na samaki wa kukaanga katika kitambaa, akasahau kununa. Bwana Humoud hakutoka. Saadiya alishikilia gomesi yake mpaka akabanduliwa. Mauza alibaki ndani. Alikuwa ameshaposwa, na mwezi ule alikuwa hatokezi hata uani, lakini Theopista alipopita chini ya lile dirisha lililofungwa nusu alisikia sauti ikimwambia kwa Kiingereza, taratibu, kila neno limetamkwa sawasawa: "Sisi tulikuwa tunakupenda."

"Najua," alijibu Theopista kwa Kiswahili, akamwambia hamali aondoke.

Alipanga chumba Mtaa wa Mkunguni. Akauza cherehani, kwa sababu wateja walikwisha kumtupa, na kwa fedha ile akanunua saa ya mezani, yenye kengele, na benchi mbili. Akatangaza kwamba anafundisha Kiingereza kwa saa, malipo kabla. Watu walikuja: makarani waliotaka kupanda cheo, vijana wa bandarini, mpishi mmoja wa Uzunguni. Waliomfahamu zamani hawakuamini kuwa ni mtu yule yule. Kengele ikilia, aliacha sentensi katikati na kufuta ubao. Mwanafunzi akichelewa, saa yake ilikuwa inaliwa hivyo hivyo. Walimpa jina Mama Saa, kwanza nyuma yake, kisha mbele yake. Hakujali.

Alfajiri moja pale bombani, Candida, binti wa Blandina, msichana mkubwa sasa, alimwamkia shikamoo kwa adabu, akamwuliza neno moja alilokutana nalo shuleni lina maana gani.

"Marahaba," alisema Theopista. "Njoo saa ya kazi."

Mtoto alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji. Blandina alikuwa amesimama kwenye foleni, ndoo kichwani, na alisikia. Tangu hapo hawakukaa tena benchi moja. Theopista alirudi chumbani, akakaa. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Lingemchukua muda wa kutua ndoo. Alitaka kumfuata yule mtoto, lakini mwanafunzi wa kwanza alikuwa keshafika, akaiweka saa mezani.

Nauli ilipatikana hatimaye. Alisafiri kiangazi kimoja, kwa gari moshi, kwa meli, kisha kwa lori la pamba hadi kwa shemeji yake. Shemeji alimpokea kwa heshima na kumchinjia kuku. Agnesi aliletwa. Alikuwa mrefu, mwenye paji la uso la Kasmir. Alipiga magoti akamsalimu mama yake kwa maneno wanayosalimiwa wageni wakubwa, akatulia hapo chini mpaka alipoambiwa ainuke. Kila alichopewa alikipokea kwa mikono miwili. Theopista alimsuka, akamwogesha, akamwimbia nyimbo za bibi yake. Mtoto alikubali yote, kwa adabu ile ile. Giza lilipoingia alikwenda kulala ubavuni kwa mke wa ami yake, na hakuna aliyemwelekeza.

"Shemeji," alisema yule mwanamume siku ya kuagana, "mimi si mtu wa kumnyang'anya mama mtoto. Ukitaka umchukue, mchukue. Lakini niambie, wewe ukiwa kazini, atakaa na nani?"

Theopista akatafuta saa moja tupu ya kumjibia. Asubuhi walikuwa makarani kabla ya kazi. Adhuhuri vijana wa bandarini. Jioni mpishi, na baada ya mpishi, wengine. Kila saa ilikuwa imelipiwa, na kama isingelipiwa asingekuwa na chumba cha kumweka mtoto. Agnesi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage pamoja na mke wa ami yake, wanachekeana jambo lao wawili.

"Mwache," alisema.

Alirudi Dar es Salaam peke yake. Mvua ilikuwa inanyesha gari moshi lilipoingia, na Kariakoo nzima ilikuwa tope. Wanafunzi wawili walikuwa wanamsubiri chini ya upenu wa nyumba, wamejikunyata, maana aliwaahidi siku hiyo na walijua hakosi. Akafungua kufuli, akapangusa benchi kwa pindo la gomesi iliyolowa. Wakamwuliza habari za kwao.

"Nzuri," alisema, akawaambia wakae.